Torenti Haikuiua Diski Yangu, Niliiua Mwenyewe

Nimekuwa kimya kwa majuma mawili hivi. Sikuwa mgonjwa wala sikusafiri, ni kazi za watu tu. Leo nimekaa nje ya nyumba hapa Kanamkemer, jua limeanza kuteremka na kiti hakiunguzi tena, na nimeamua kujibu swali ambalo vijana huniuliza karibu kila wiki: Je, ni kweli kwamba kupakua vitu kwa torenti kunaharibu hadi diski?

Jibu fupi: ni kweli kidogo, na ni uongo mwingi. Jibu refu ni hili hapa chini, na ndani yake mna aibu yangu mwenyewe.

Kabla sijaenda mbali, tuelewane jambo moja. Torenti si jina lingine la wizi. Wapo wanaoitumia kuchukulia filamu za watu bila kulipa, nami simtetei mtu hapo. Lakini Ubuntu na Debian hugawanywa kwa torenti, LibreOffice pia, na Internet Archive imekuwa ikitoa mamilioni ya vitabu na sauti kwa njia hiyo tangu mwaka 2012. Kwa sisi tulio mbali na Nairobi, tunaotegemea mtandao unaokuja na kupotea kama mvua ya Turkana, torenti ni rafiki. Ikikatika saa nane za usiku, inaendelea pale pale ilipoachia. Hakuna kuanza upya.

Kisa chenyewe

Mwaka 2019 nilikuwa na laptopu moja tu, yenye diski ya kuzunguka ya terabaiti 1. Laptopu hiyo ilikuwa ofisi yangu, maktaba yangu na sinema yangu. Humo humo mlikuwa na programu niliyowaandikia akina mama wa kikundi kimoja cha akiba hapa mtaani, wasusi wa vikapu vya majani ya mkoma. Wanachama 23, akiba ya kila wiki, mikopo, faini za kuchelewa. Programu ilikuwa bado ya majaribio, kwa hiyo hifadhidata yake ilikaa kwangu. Na kwa kuwa nilikuwa na kiburi cha fundi kijana, niliwaambia waache kuandika kwenye daftari. Kompyuta itaandika.

Na wakati huo huo torenti zilikuwa zinakimbia usiku na mchana kwenye diski ile ile. Siku nyingine zilikuwa 40 kwa mpigo, laptopu ikiwa juu ya godoro, chini ya mabati.

Asubuhi moja nikaiwasha, nikasikia: tik, tik, tik. Aliyewahi kusikia sauti hiyo hahitaji kuelezwa. Fundi wa mjini Lodwar aliiweka sikioni kama daktari, akanirudishia. "Kaka, hii imeenda." Nikaituma Nairobi kwa basi. Bei niliyotajiwa ya kuokoa yaliyomo ilizidi bei ya laptopu yenyewe.

Mama mweka hazina alikuja kwangu jioni hiyo. Sikujua nianzie wapi. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza, "Mwanangu, kwani kompyuta nayo hufa?"

"Hufa, mama."

"Na haiachi mtoto?"

Sikuwa na la kujibu. Nakala sikuwa nayo. Daftari lao la zamani lilikuwa zima, lakini liliishia pale nilipowaambia waache kuandika. Wiki 14 hazikuwa popote isipokuwa vichwani mwa watu. Nilizunguka nyumba kwa nyumba kwa siku tisa nikiandika upya. Wengi walikumbuka. Wanachama wawili hawakukubaliana juu ya shilingi 600. Nilizilipa kutoka mfukoni mwangu, lakini walikuwa wameshaitana waongo mbele ya watu. Pesa ililipika, neno lililotoka halikurudi. Walikuwa wakikaa pamoja kwenye mkutano. Hawakai pamoja tena.

Ndiyo maana nikisikia mtu akisema "ni diski tu", naumia.

Torenti inafanya nini kwenye diski?

Mmarekani Bram Cohen alipotoa BitTorrent mwaka 2001, werevu wake ulikuwa katika kuvunjavunja faili. Faili la gigabaiti 4 linaweza kukatwa vipande 4,096 vya megabaiti 1 kila kimoja, na kila kipande husafirishwa kwa vibonge vya kilobaiti 16. Piga hesabu: vibonge 262,144. Havifiki kwa mpangilio. Programu hutafuta kwanza vipande vilivyo adimu, ili visipotee kati ya watu. Kipande cha 3,000 kinaweza kufika kabla ya cha 2, kutoka kwa mtu wa Brazil, na cha 2 kikatoka kwa mtu wa Poland.

Sasa mfikirie mtunza ghala. Lori likija na magunia yote, anayapanga mara moja na kukaa. Lakini kama maharagwe yanaletwa punje moja moja, na kila punje ina gunia lake, mtu huyo atatembea siku nzima: gunia la 400, rudi, gunia la 3, rudi, gunia la 277. Uzito wa maharagwe ni ule ule. Kilichobadilika ni safari.

Hadi diski ya kuzunguka ina mtunza ghala huyo. Ni kichwa kidogo kinachoelea juu ya sahani inayozunguka mara 5,400 au 7,200 kwa dakika. Kikiandika kwa mfululizo, hupitisha megabaiti 100 na zaidi kwa sekunde. Kikirukaruka, huweza safari kama 60 hadi 80 tu kwa sekunde. Safari 70 za kilobaiti 16 ni megabaiti 1 na kidogo. Diski ile ile, kazi tofauti kabisa.

Ni kweli, Windows na Linux hukusanya vibonge kwenye kumbukumbu kabla ya kuviandika, kwa hiyo mambo si mabaya kama hesabu hiyo inavyoonyesha. Na ukimaliza kupakua, unaanza kuwagawia wengine, na hapo kichwa kinasoma kwa kurukaruka vile vile.

Basi, ni torenti iliyoua?

Hapa ndipo ninapotofautiana na wengi. Mwaka 2007 watafiti wa Google walichapisha walichokiona kwenye diski zao zaidi ya 100,000. Walitarajia diski zinazofanya kazi sana zife mapema. Hawakuona hivyo waziwazi. Uhusiano huo ulijitokeza hasa kwa diski changa sana na zile zilizozeeka. Hata joto, walisema, halikuua kama watu walivyodhani, ila joto la juu sana, na kwa diski za miaka mitatu na kuendelea.

Lakini soma vizuri kabla hujashangilia. Hizo ni diski za vituo vya data, zimefungwa imara, umeme haukatiki, hewa imepozwa. Hazikulazwa juu ya godoro Kanamkemer, ambapo mchana joto hupita nyuzi 35 kivulini. Diski nayo huongeza joto lake mwenyewe juu ya lile la chumba. Diski nyingi za kawaida zimewekewa kikomo cha nyuzi 55 au 60. Ukianza na chumba cha nyuzi 38, nafasi iliyobaki ni ndogo.

Wiki chache kabla ya kifo nilikuwa nimeendesha amri hii:

smartctl -a /dev/sda

Ikaniambia kila kitu. Joto: 57. Sekta zilizohamishwa kwa sababu ya kuharibika: zaidi ya sifuri. Na idadi ya mara ambazo kichwa kimeegeshwa pembeni na kurudishwa: zaidi ya 410,000. Nikatazama, nikasema "nitashughulikia", nikafunga dirisha.

Hiyo namba ya mwisho ndiyo watu wengi hawaijui. Diski za laptopu huegesha kichwa zikikaa kidogo bila kazi, ili kuokoa betri na kujikinga zikidondoka. Diski nyingi za namna hiyo huahidiwa kuegesha mara 300,000 au 600,000 katika maisha yake. Torenti ya polepole ni adui wa mpango huo. Inaandika kidogo, inanyamaza, diski inaegesha kichwa; inaandika tena, kichwa kinarudi. Mara moja tu kwa dakika ni mara 1,440 kwa siku, na 300,000 zinaisha kwa siku 208. Hata mwaka sivyo. Watumiaji wa Ubuntu walilipigia kelele jambo hili mwaka 2007, na diski za WD Green, zilizokuwa zinaegesha baada ya sekunde 8, zikaja kusifika vibaya kwa sababu hiyo hiyo.

Kwa hiyo uamuzi wangu ni huu: diski haichoshwi na wingi wa gigabaiti. Inachoshwa na safari, joto, umeme unaokatika na mwenyewe asiyesoma namba. Torenti ilisaidia, lakini mwuaji alikuwa mimi.

Ninachofanya siku hizi

1. Diski ya kazi na diski ya torenti ni mbili. Hii ndiyo ya kwanza na ingetosha peke yake. Nina diski ya zamani ya gigabaiti 500, ya mtumba, kazi yake ni torenti tu. Ikifa, nitapiga mluzi.

2. Foleni. Ninapakua moja au mbili kwa wakati mmoja. Kasi ya mtandao wangu ni ile ile, torenti 40 haziuongezi. Zinaongeza safari tu.

3. Kutenga nafasi mapema. qBittorrent na Transmission zote zina mpangilio wa kulitengea faili zima nafasi kabla ya kuanza. Bila hivyo, faili linaweza kutawanyika kila pembe ya diski, na kila utakapolisoma baadaye kichwa kitalitafuta kama mbuzi waliotawanyika.

4. Karai kubwa. Mpe mtunza ghala karai: maharagwe yajae, ndipo ainuke. Hiyo ndiyo kache. Transmission kwa miaka mingi imekuja na megabaiti 4 tu. Mimi nimeweka 64. Matoleo mapya ya qBittorrent huenda yakaiachia kazi hiyo Windows au Linux yenyewe, hapo usihangaike. Usizidishe tu: umeme ukikatika, kilicho kwenye karai kinamwagika. Hakitaharibu faili, kwa sababu kila kipande kina alama ya kuhakikiwa, lakini utakipakua tena kwa bando lako, na programu ikiamua kukagua faili zima, diski itasoma yote tangu mwanzo. Laptopu yenye betri nzima, au UPS, inalipa gharama yake hapa.

5. Zisizokamilika zikae kando. Programu hizi zinaruhusu faili kuandaliwa kwenye folda moja, na likikamilika lihamishwe kwingine. Kama una SSD ndogo, vurugu zifanyike huko. Diski kubwa ipokee faili likiwa zima, kwa mfululizo mmoja, kama lori lililoleta magunia yote.

6. Isilale na kuamka ovyo. Kwenye Linux, hdparm -B 254 /dev/sda huizuia diski nyingi kuegesha kichwa kila mara. Si zote zinazotii, hasa zile za nje za USB. Na ukiitumia, usibebe laptopu ikiwa inafanya kazi, maana kichwa kipo juu ya sahani.

7. Joto na vumbi. Torenti zangu zinakimbia usiku, kuanzia saa nne, dirisha likiwa wazi. Laptopu iko juu ya meza, si godoro, na chini yake kuna vipande viwili vya mbao ili hewa ipite. Vumbi la hapa naliondoa kwenye feni kila mwezi. Ukiona tundu dogo kwenye mgongo wa diski, usilizibe kwa utepe. Diski inapumulia hapo.

8. Kusoma namba. Tarehe moja ya kila mwezi. Kwenye Windows, CrystalDiskInfo inakuonyesha yale yale. Watafiti wale wa Google waliona kwamba diski iliyoonyesha kosa la kwanza la ukaguzi ilikuwa na uwezekano mara 39 zaidi wa kufa ndani ya siku 60 kuliko isiyo nalo. Ukiona sekta zilizohamishwa zinaongezeka, usisubiri kusikia tik.

Kuhusu kuwagawia wengine, simwambii mtu afunge mara tu anapomaliza. Huo ni ulafi. Mimi narudisha kiasi nilichochukua, gigabaiti kwa gigabaiti, kisha nasimamisha. Programu inaweza kuhesabu yenyewe. Umekula, umelisha, umelala.

Makuti na SSD

Mambo mawili huwachanganya watu. La kwanza ni zile diski ndogo za nje, za bei nafuu na nafasi kubwa. Nyingi huandika data kwa kulaliana, kama makuti kwenye paa. Kuongeza kuti jipya juu ni rahisi. Kubadilisha la chini ni lazima uinue yaliyo juu yake. Torenti, kwa kurukaruka kwake, inabadilisha makuti ya chini kila dakika. Ndiyo maana diski hizo huanza vizuri kisha zikawa kama zimelala. Zitumie kuhifadhi kilichokamilika, si kupakulia.

La pili ni SSD. "Zina kikomo cha kuandikwa, torenti itaimaliza!" Haya, tupige hesabu. Samsung 860 EVO ya gigabaiti 250, iliyotoka mwaka 2018, ilipewa dhamana ya miaka 5 au terabaiti 150 za kuandikwa. Ukipakua gigabaiti 10 kila siku bila kupumzika, 150 zinakwisha baada ya siku 15,000. Hiyo ni miaka 41. Hata kama ndani kwa ndani inaandika mara tatu ya unachokiona, bado una zaidi ya miaka 13. Haina kichwa, haina safari. Wasiwasi wangu uko kwa fleshi za USB na kadi za simu, ambazo nyingi hazina ubongo mzuri wa kusambaza uchakavu kama SSD. Hizo usipakulie torenti.

Pakua mara moja, wasome wengi

Nimalizie na jambo lililonifundisha kuliko mipangilio yote. Rafiki yangu anafundisha kompyuta Kakuma, kilomita kama 120 kutoka hapa. Alikuwa na mashine sita, na kila moja ilikuwa inapakua Wikipedia ya Kiwix peke yake. Ile ya Kiingereza yenye picha ni takriban gigabaiti 100. Mara sita! Mtandao ulikuwa unalia, na diski sita za mtumba zinachakaa kwa kitu kimoja.

Niliipakua hapa Kanamkemer, kwa usiku kadhaa, nikaizima diski, nikasubiri isimame kabisa, nikaifunga kwenye nguo na kuipanda nayo gari. Kule tukaiweka kwenye mashine moja tu, na Kiwix ikaigawa kwa mtandao wa ndani. Mashine nyingine tano na simu za wanafunzi zinasoma kutoka hapo, hata intaneti ikiwa haipo. Hakuna anayenakili chochote. Nadhani hiyo ndiyo njia kubwa ya kupunguza uchakavu wa diski: kutopakua mara sita kile ambacho jirani anacho.

Na kanuni niliyobaki nayo ni moja, nimeibandika ukutani: kinachoweza kupakuliwa tena kisilale kitanda kimoja na kisichoweza. Ubuntu itapakuliwa tena. Wikipedia itapakuliwa tena. Akiba ya akina mama wale haikuwa na torenti, hakuna mtu wa Brazil aliyekuwa na kipande chake.

Hifadhidata yao sasa ina nakala tatu, na moja haikai nyumbani kwangu. Mama mweka hazina ameirudia kalamu yake. Kila Jumamosi, nikimaliza kuingiza hesabu, hufungua daftari na kulinganisha namba moja moja nikiwa nimesimama kando. Simharakishi.

Haya, giza limeingia na mbu wamefika. Kabla hujalala leo, angalia torenti zako na kazi zako ziko diski gani.